Taarifa ya Habari Ilivyompiga Owino kwa Ubao wa Dama

Kwa Mhariri wa Habari,
Televisheni ya Ziwani, Kampala.

Ndugu Mhariri,

Naitwa Ogwal, sajini mstaafu wa polisi, mkazi wa Luzira, si kule gerezani bali ule upande ambao watu huingia na kutoka wapendavyo. Miaka thelathini nililinda amani bila kumgusa mtu pasipo amri. Leo nashtakiwa kwa mwenyekiti wa mtaa kwa kumpiga kichwani jirani yangu Owino, Mkenya fundi wa sigiri za mkaa kule Katwe. Kesi ni Jumamosi. Mshtakiwa halisi ni wewe, na malalamiko yangu ni haya:

1. Kila jioni saa moja mimi na Owino huketi mbele ya televisheni yake, nawe unatuonyesha watu wakipigana. Wiki moja tu nilihesabu ngumi kumi na nne. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na mzee vilevile.

2. Mlionyesha waheshimiwa wa nchi fulani wakirushiana viti. Jumapili yake kwaya yetu ikagombania viti. Jambo hilo halijawahi kutokea kanisani kwetu, isipokuwa Pasaka.

3. Mtangazaji wenu akionya kwamba picha zinazofuata zinatisha, mke wangu Aol huacha mboga jikoni kwetu akaja mbio kwa Owino. Nimekula mboga za kuungua mara tatu.

4. Jumanne mkono wangu, uliohitimu katika shule yenu, uliinua ubao wa dama bila kunishauri. Owino alisema tu, "Afande, hata wewe?" Akashika nundu yake, akaenda. Tangu hapo hanisalimii. Imeniuma sana, Mhariri, kwa sababu rafiki mwingine sina.

Kwa hiyo naomba umwandikie mwenyekiti, kwa muhuri, ukikiri kosa. Na tangu sasa wezi wakikamatwa, waonyesheni wakinywa chai.

Nisalimie watangazaji wote, wapiga picha, na yule dada wa hali ya hewa, ambaye hajamdhuru mtu ila waliokwisha kuanika nguo.

Wako mpenda amani,
Sajini Mstaafu Ogwal

N.B. Aol amekataa kuipeleka barua hii mpaka niongeze kwamba Jumanne umeme ulikatika tangu asubuhi. Habari hatukuziona, ndiyo maana tukacheza dama. Anasema pia kwamba ile kete ambayo Owino alidai nimeiiba, ameikuta leo akifua, mfukoni mwa suruali yangu. Tafadhali nyongeza hii isomwe kwanza, saa moja kamili. Owino huwa anatazama.