Mjomba wa Kujipachika

Jumatatu, 6 Oktoba

Tangazo limebandikwa. Vyumba vya mwakani hapa chuoni vinaombwa wawili wawili: umtaje mwenzako mtandaoni, naye akutaje wewe. Mwisho Ijumaa saa kumi jioni. Asiye na mwenzake akapange mjini. Mama kapiga simu kutoka kijijini kwetu, Gokwe: siagi ya karanga anayouza haiwezi kodi ya mjini, nikikosa kitanda hapa nirudi nikachunge ng'ombe. Nimemwambia atulie. Namshukuru Mungu kwa akili aliyonipa.

Shingirai, ninayekaa naye chumba kimoja tangu mwaka wa kwanza, tayari ameandika jina langu. Nimemshukuru sana, nikaandika lake. Kwa muda tu. Ni mtu mwema, lakini anakoroma kama mashine ya kusaga, na alfajiri anaimba tenzi za kanisani, sauti ya kwanza na ya pili, peke yake.

Ghorofa ya juu yuko Ngonidzashe. Friji! Jiko la gesi! Mama anayekuja na gari kila wiki, na kuku wa kuchoma! Na hana wa kukaa naye mwakani. Ahsante, Mungu, nimekuelewa.

Jumanne, 7 Oktoba

Nimepeleleza. Mama yake Ngoni ni wa ukoo wa Simba, na hana kaka hata mmoja. Maskini, kijana kakua bila mjomba! Mimi ni Nyani kwa baba na kwa babu; kwetu ukoo hurithiwa kwa baba, na wa ukoo mmoja ni ndugu. Lakini mchana, kwenye foleni ya chakula, nilimwambia Ngoni kwamba mimi ni Simba, kwa hiyo mama yake ni dada yangu, na yeye ni mpwa wangu.

Lo! Alipiga makofi ya heshima, akaniita Mjomba mbele ya wasichana wote wa sheria, machozi yakimlengalenga. Akasema ataandika jina langu leo leo. Nimelifuta la Shingirai, nimeweka la Ngoni. Naishukuru mizimu ya Simba, ingawa hatujuani.

Jumatano, 8 Oktoba

Mpwa kaja kunitembelea. Hakubisha hodi. Kafungua sanduku langu la bati, katoa kopo la siagi ya karanga la mama, kala kwa kijiko huku kajilaza kitandani kwangu. Kisha kavaa shati langu la kanisani, la pekee, kaondoka nalo. Nilipofungua mdomo alicheka. Ala, Mjomba, tangu lini mpwa akaomba ruhusa kwa mjomba wake?

Kweli kabisa. Mimi mwenyewe Krismasi iliyopita nilichinja jogoo wa mjomba wangu bila kumuuliza, nikaondoka na kofia yake kichwani. Alicheka tu. Afanyeje? Haya yote nayajua tangu utoto. Nilipokuwa napanga mpango wangu niliona upande wa heshima peke yake!

Jioni nikapanda kwake, nikafungua friji. Akanishika mkono kwa upole. Mjomba kudokoa kwa mpwa ni aibu, akasema, mama akisikia atalia. Kuku mzima alikuwemo. Nashukuru walau nimemwona.

Alhamisi, 9 Oktoba

Kumbe mama yake Ngoni ana dada. Dada ana wana. Wana wanasoma hapa hapa. Wamekuja wote kumsalimu mjomba. Redio imekwenda, blanketi limekwenda. Nimebaki na viatu kwa sababu nilitoka mbio navyo.

Shingirai kanigawia bisi zake za mahindi, akauliza taratibu kama jina lake bado lipo. Nikasema lipo. Nikaendelea kula. Baadaye Ngoni kaja anang'aa: kesho mama yake, yaani dada yangu, anakuja kuniona.

Ijumaa, 10 Oktoba

Mama yake Ngoni ni mwanamke wa mwili na wa sauti. Alichuchumaa, akapiga makofi, kuku kamweka pembeni kafunikwa kitambaa. Akaniomba nijitaje kwa sifa za ukoo wetu, kama ndugu wanavyosalimiana. Nikafumba macho, nikaanza. Maneno yalitiririka! Nilipofumbua, dada yangu alikuwa ameacha kupiga makofi. Nilikuwa nimetaja sifa za Nyani, mwanzo hadi mwisho.

Mama yake Ngoni alicheka mpaka kitambaa cha kichwa kikamvuka. Akasema, we mtoto, baba yake Ngoni ni Nyani! Ungesema ukweli ungekuwa kaka yake Ngoni, mimi mama yako, na friji ile ungeifungua kwa mguu. Jamani! Ukoo wa baba sikuuliza. Niliona mwenye kuku ni mama.

Ngoni hakucheka. Alivua shati langu, akalikunja vizuri, akaniwekea mapajani. Akasema nyumbani kwao ameshawaambia wote kwamba amepata mjomba. Kisha akatoa simu, akafuta jina langu. Niliona aibu ya kweli.

Saa kumi ilikuwa inagonga mlango. Nikakimbia maktaba kwa Shingirai, nikakiri yote nikihema, machozi yakidondokea simu yake. Akasema anajua tangu Jumanne, mtandao ulimwonyesha. Jina langu hakuligusa. Nikamuuliza kwa nini, na kitanda chake nacho kingepotea? Akasema, "Ndugu yangu, nilipougua malaria ulinibeba mgongoni hadi zahanati, ukilalamika njia nzima. Sasa andika, acha kuilowesha simu yangu."

Nimeandika. Imekubali. Namshukuru Mungu, na safari hii si kwa ajili ya akili yangu.

Jumamosi, 11 Oktoba

Mama yangu kasikia nimepata kitanda, kaimba kwenye simu. Mama yake Ngoni kaacha paja na mgongo wa kuku, kasema ni vya yule mwongo. Shingirai kanipa paja. Alfajiri aliimba tenzi zake, nami nikadakia kwa sauti ya tatu. Rafiki wa namna hii nimempata wapi mimi? Naapa, hila basi. Basi kabisa.

Vyumba vimetangazwa. Chetu kinatazamana na cha kijana mmoja wa udaktari, Tapiwanashe. Mpole sana. Ana mashine ya kufulia.

Safari hii nimeuliza kwanza ukoo wa baba. Ni Tembo. Nimejitazama kwenye kioo cha Shingirai muda mrefu. Masikio yangu, kusema kweli, ni makubwa.