Babu Mwanzilishi wa Kampuni ya Kubomoa

Injinia, aliyeiacha shule kabla shule haijamwacha, alichungulia kwenye ufa wa ukuta wa kiwanda cha ngozi kilichofungwa zamani, akaliona boila kubwa la shaba. Mate yakamjaa. Boila lile, mbao zile za paa, mashine zile, vyote vimelala tu, na Mungu hapendi mali ilale.

Alikosa kitu kimoja, nacho ni kampuni. Akaianzisha mchana uleule jikoni kwa dada yake. Mali yake ilikuwa nyundo moja, kofia mbili ngumu na shemeji yake, mchora mabango, aliyepandishwa papo hapo kuwa Mkurugenzi wa Mazingira.

"Bango niandike nini?" shemeji akauliza.

"Ubomoaji na Usafi wa Mazingira. Vizazi Vitatu."

"Si tumeanza leo?"

"Shemeji, kampuni ni kama ukoo. Isiyo na babu nani ataiamini?"

Basi babu akatafutwa. Walimpata sokoni ndani ya fremu kuukuu, mzee mwenye masharubu ya kuaminika. Kisha wakatunga kijitabu cha historia: babu alianza na punda mmoja, baba akaongeza lori, mjukuu akaleta sayansi. Ukurasa wa nne ulieleza kwamba babu alizika kitaalamu taka za sumu za viwanda vyote vya ngozi mjini. Hilo "vyote" alilichomeka shemeji, maana aliona mstari umebaki mfupi. Kila ukurasa ukagongwa mhuri wa kuchonga wenyewe, kwa kuwa karatasi isiyo na mhuri ni ya kufungia karanga.

Mwenye kiwanda, mjane wa makamo, aliwapokea kwenye ofisi yenye vumbi kila mahali isipokuwa pale alipoegemeza viwiko.

"Shikamoo, mama," Injinia alianza. "Tunakubomolea bure. Sisi tunaondoka na takataka tu. Vyuma chakavu, mbao mbovu, na lile dude la shaba. Lile lina sumu, mama. Litakuua."

Mjane alisoma kijitabu polepole, kidole kikifuata mistari. Kwenye ukurasa wa nne akavua miwani.

"Mwanangu, huyu ni babu yako kweli?"

"Damu yangu, mama."

"Na alizika taka za viwanda vyote?"

"Vyote!"

"Hata chetu?"

Hapo mwenye akili angeomba maji ya kunywa. Injinia alikuwa akiiwaza shaba.

"Mama, chenu ndicho alichoanza nacho! Alikuwa akikitaja mpaka anakata roho."

"Niandikie hapo pembeni, baba. Nibaki na kumbukumbu."

Akaandika, akatia sahihi, akagonga na mhuri bila kuombwa.

Mjane akabisha mlango wa chumba cha pili. Akatoka mwanamke mwenye mabuti ya mpira na jalada kwapani, mkaguzi wa mazingira. Miaka miwili alikuwa akimwandama mjane kwa ajili ya mapipa ya sumu yaliyozikwa uani, na asipopatikana aliyeyazika, mjane angenyang'anywa kiwanja.

"Kapatikana," mjane akasema. "Huyu ndiye mjukuu."

Mkaguzi akaukagua mhuri. "Kampuni ni ileile?"

"Ileile, vizazi vitatu!" shemeji akajibu kwa fahari, kabla Injinia hajamkanyaga mguu.

"Basi mtayafukua. Au twende mahakamani."

Injinia alifungua mdomo amkane babu. Lakini kumkana babu ni kukiri kughushi, na kughushi kuna miaka yake gerezani. Akaufunga. Ungemwonea huruma, ingawa si sana.

Walifukua wiki sita, wamevaa barakoa na suti za plastiki, mkaguzi akiwasimamia na kuwafundisha kila hatua. Boila mjane aliliuza mwenyewe. Injinia alisaidia kulisukuma mpaka kwenye lori la mnunuzi, huku machozi yakimlengalenga. Mkaguzi, aliyeridhika na kazi, aliipa kampuni cheti halali, na viwanda vingine viwili vikaanza kuiulizia.

Pipa la mwisho lilipotoka, Injinia alivua barakoa.

"Mama, Mungu anakuona. Nani aliyazika mapipa haya?"

"Marehemu mume wangu. Mimi nilimshikia kamba."

"Kumbe babu yangu hukumjua!"

"Ningemjulia wapi, mwanangu? Kwani wewe ulimjua?"