Ukuta wa Gesti ya Dada Ikupa

Jumatatu, 5 Aprili 1993
"Mbingu ni bluu, mawingu ni meupe, basi." Kasema Ackson, mwandika mabango, mbele ya watu sokoni Tukuyu. Uongo mtupu! Kazaliwa hapa, kanyeshewa hapa, na bado anachora mbingu za kalenda. Tangu biashara iwe huria, kila mwenye kopo la rangi kutoka Tunduma ni msanii. Nilimjibu kwa kirefu. Watu walianza kuondoka kwenye sehemu ya pili ya hoja.

Dada Ikupa anafungua gesti. Anataka mandhari ukuta mzima wa mapokezi. Jumamosi mimi na Ackson tumpelekee sampuli. Miaka yote nimeitetea sanaa ya kweli kwa mdomo. Ukuta sijapewa hata mmoja. Huu ni wangu.

Jumanne, 6 Aprili
Isongole. Turubai: shuka jeupe la wageni la mke wangu, Imakulata. Hakuulizwa. Nimekaa ukingoni mwa shamba la viazi nikiungoja Mlima Rungwe ujitokeze. Ukungu. Mchana, ukungu. Mama mwenye shamba kauliza nimepotelewa na nini. Nikasema naitazama mbingu. Kanipa viazi vya kuchemsha na pole.

Alhamisi, 8 Aprili
Mlima umetoka! Nimechora kwa pupa: zambarau, machungwa, mwanga ukipasua mawingu. Nimelia kidogo. Mvua ikanikuta njiani, karibu na nyumbani. Akili haraka: nikakata majani ya mgomba, nikaifunika picha. Imefika salama. Imakulata kaangalia shuka lake, kaangalia majani, kaniuliza kama kweli nimekulia Rungwe au nililetwa na mafuriko. Wivu.

Ijumaa Kuu
Anga limeoza. Utomvu wa mgomba jana haukuonekana. Leo ni kahawia tupu, michirizi kutoka mawinguni hadi bondeni. Watoto wote wa hapa Mpuguso wanajua doa la mgomba halitoki. Hugombezwa wakiukaribia mgomba na shati la shule. Mimi nilikuwa nawaza falsafa. Nimesugua kwa sabuni. Rangi zote zimetoka. Madoa yamebaki.

Jumamosi, 10 Aprili
Nimelitundika shuka gestini hivyo hivyo, hotuba mfukoni. Ackson kaleta bluu, simba na minazi. Minazi, Tukuyu! Dada Ikupa kasimama mbele ya shuka langu, kajifunga kanga mabegani.

"Baba Tuntufye, hii ndiyo mvua yetu kabisa. Nimesikia baridi."

Nikamtazama Ackson kwa huruma. Mapema mno.

"Ndiyo maana siitaki. Mvua mgeni ataiona bure dirishani. Ukutani nataka jua."

Ukuta kapewa Ackson. Kaniomba nimshikie ngazi. Nimeishika.

Jumapili ya Pasaka
Kanisani nimepewa pole kama mfiwa. Hawaelewi. Dada Ikupa alisikia baridi! Nani amewahi kusikia joto mbele ya minazi ya Ackson? Hoja imeshinda, kilichoshindwa ni ukuta tu. Sasa naacha rangi kabisa. Utomvu mtupu, picha kubwa mara mbili. Gesti nyingine zitafunguliwa.

Imakulata, najua unasoma humu. Nirudishie shuka la pili ulilolificha, leo, kabla mvua haijaanza. Na mama yako akiuliza nani kaukata mgomba wake, nyamaza.