Sharubu Apika Jamu ya Nanasi

Duniani kuna wanaume wanaojua kupika na wasiojua, halafu kuna Sharubu, ambaye hakuwahi kushika mwiko lakini alikuwa na la kumfundisha kila aliyeushika!

Sharubu alikuwa kinyozi. Jina alilopewa na wazazi wake lilishasahaulika, maana ukikutana naye uliona masharubu kwanza, mwenyewe akafuata baadaye. Aliyapaka mafuta, akayachana, akayasokota ncha mpaka zikaelekea juu kama pembe za ng'ombe. Juu ya mlango wa kibanda chake alichora masharubu hayo hayo kwa rangi nyeusi, na chini yake akaandika: KWA SHARUBU. Watu walikuja kunyolewa, yeye akadhani wanakuja kuyatazama.

Balaa lilianzia kwa mama mkwe. Kila alipokuja kumwona binti yake, alileta chupa ya jamu ya nanasi aliyoipika kwa mkono wake. Watoto waliilamba mpaka chupa ikabaki safi kuliko ilivyotoka dukani.

"Hakuna kama ya bibi!" wakasema, vidole vikiwa bado mdomoni.

Sharubu akaumia roho. Sifa ndani ya nyumba yake, tena si zake!

"Jamu kitu gani bwana?" akafoka. "Tunda, sukari, moto. Basi! Mimi naipika nimefumba macho."

"Hata ukiyafumbua nina wasiwasi, baba watoto," mkewe akamjibu huku akikunja nguo.

"Haya! Jumamosi mama akija, atakula yangu. Na ataomba kuongezewa, tena kwa mdomo wake! Asipoomba, nanyoa haya masharubu mbele yenu wote."

Watoto wakayatazama masharubu ya baba yao kwa huzuni, kama mtu anayemuaga msafiri.

Jumamosi Sharubu akafunga kibanda, akajifunga kanga ya mkewe kiunoni, akaingia jikoni. Nanasi akalikata kwa madaha, vipande vingine vikubwa kama ngumi, vingine havionekani. Sukari akamimina kwa kukadiria, akaonja, akamimina tena.

"Ikianza kuchemka vizuri, dondosha tone kwenye kisahani cha baridi," mkewe akamwelekeza. "Likipoa ukaligusa likajikunja, ipua hapo hapo."

"Kisahani cha nini? Nanyoa vichwa vya watu bila rula, nitashindwa na nanasi?"

Sasa, jamu ikiwa motoni huonekana nyepesi, hata kama imeshaiva zamani. Kila mpishi wa jamu anajua hilo, na ndiyo kazi ya kisahani. Sharubu hakujua, na kuuliza hakukuwa tabia yake. Akachungulia sufuria, akaona maji. Akaongeza sukari, akachochea moto. Akachungulia tena. Maji! Akaongeza sukari, akachochea moto. Rangi ikatoka kwenye dhahabu, ikapita kwenye chai ya rangi, ikaenda kutua kwenye lami.

"Jamani, nani anachoma godoro?" jirani akauliza kwa sauti kutoka upande wa pili wa ukuta.

"Hiyo ni harufu ya kitaalamu!" Sharubu akamjibu.

Hatimaye akaimimina kwenye chupa. Ile ya mwisho ilikataa kumiminika, ikabaki kwenye sufuria pamoja na mwiko, umesimama wima. Akauvuta. Sufuria ikaja nao. Akavisukuma vyote chini ya meza, akaenda kuyachana masharubu yake.

Mama mkwe akafika akichechemea. Njiani soli ya kiatu chake ilikuwa imebanduka, ikawa inapiga makofi kila alipokanyaga.

"Shikamoo mama!"

"Marahaba mwanangu. Hamjambo humu?"

"Hatujambo! Chupa yako leo iache kwenye kapu, mama. Leo mwanao kapika."

Wakaketi. Sharubu akafungua chupa, akazamisha kijiko. Kijiko kikapinda. Akaleta kisu. Kisu kikateleza. Akaitumbukiza chupa kwenye maji ya moto, akangoja huku akitabasamu, kisha akafanikiwa kuvuta uzi mweusi mrefu, akauzungusha juu ya mkate. Donge dogo likadondoka mezani, likang'ang'ania kitambaa.

Mama mkwe akautazama mkate wake, asiuguse.

"Usiogope mama, tazama!" akasema Sharubu, akang'ata pande kubwa kwa mbwembwe.

Mdomo ukafungika. Haukufunguka tena! Mkate ukabaki umening'inia puani, umeshikana na sharubu la kushoto na la kulia.

"Mmm!" akasema Sharubu.

"Baba anasema ni tamu?" mtoto akauliza.

Mama mkwe, wakati huo, alikuwa amelivuta lile donge kwa kidole, akainama, akalipaka kwenye soli yake. Akabana kidogo, akasimama, akakanyaga huku na huku. Makofi yamekwisha! Akaketi, akauinua mguu wa pili, ambao kiatu chake nacho kilishaanza kuachama.

"Mwanangu," akasema kwa upole wa mkwe, "hebu niongezee kidogo."

Ameomba! Tena kwa mdomo wake, mbele ya mashahidi! Masharubu yameokoka! Sharubu akaruka kwenye kiti, macho yamemtoka, amejaa maneno ya ushindi mpaka shingoni, na mkate umeziba njia.

"Tulia, nilete maji ya uvuguvugu!" mkewe akapiga kelele.

Lakini Sharubu na kutulia wapi na wapi? Akaushika mkate kwa mikono miwili, akauvuta kwa nguvu zake zote.

"Mmesikia?" akanguruma. "Kaomba kuongezewa! Nimeshinda!"

Kisha akautazama mkate aliokuwa ameushika. Ulikuwa umeota sharubu zima la kushoto, na ncha yake bado imesokotwa.

"Umeshinda, baba," mama mkwe akasema, akimsogezea kitambaa cha kujifuta machozi.

La kulia akalinyoa mwenyewe jioni ile, kwa wembe wake.

Jumatatu akafungua kibanda. Mteja wake wa miaka yote akaingia, akaketi, akamwangalia kinyozi juu mpaka chini.

"Kijana," akasema, "mimi nitamsubiri Sharubu mwenyewe."