Namba ya Kumposea Sidonie

Kasongo, Jumatatu 10 Mei 1954

André, karani wa pamba, amenunua baiskeli. Anapita nayo mbele ya nyumba ya Mzee Octave, baba yake Sidonie, akipiga kengele hata pasipo na kuku wa kufukuza. Mzee amesema Jumapili atachagua mkwe kati yetu wawili. Mimi ni mwalimu wa darasa la tatu. Baiskeli sina. Akili ninayo.

Na leo nimeipata: 1,000,001. Namba isiyogawanyika! Shangazi Émérance, mshenga wangu, atakwenda kueleza kwamba pendo langu liko vilevile. André na kengele yake watajibu nini hapo?

Jumanne 11 Mei

Sidonie alisoma kwa masista, hapendi maneno matupu. Kwa hiyo darasa zima leo limegawanya. Kwa mbili, ikabaki moja. Kwa tatu, zikabaki mbili. Katekisimu tumeiruka. Saa sita tulifika mia, ikabaki moja, na chaki ya wiki ikawa imekwisha. Padri akachungulia, akauliza chaki iko wapi. Nikamjibu kwamba iko ubaoni. Hakucheka.

Mia inatosha. Nani amewahi kuhitaji zaidi ya mia?

Alhamisi 13 Mei

Shangazi amepeleka namba pamoja na jogoo. Amejisifu sana huko kwamba tumejaribu mpaka mia, akala wali na sombe ya majani ya muhogo mpaka akafungua mkanda. Mzee Octave aliuliza kama namba inaliwa. Sidonie aliomba kibao na kipande cha mkaa. Bila shaka anaandika jina langu. Nimefua shati.

Ijumaa 14 Mei

Aibu tupu. Sidonie humsaidia mama yake kuuza machungwa, na sokoni kwetu mia haiendi bila moja la nyongeza juu yake. Usipoliweka, mnunuzi anakwenda kwa jirani. Basi akaweka nyongeza: akagawanya kwa mia na moja. Ikatoka 9,901, hakikubaki kitu. Nimerudia mwenyewe kwa mkaa ukutani. Kweli hakibaki kitu. Na hiyo nyongeza hata mimi huidai kila Jumamosi, kwa kelele!

Shangazi ameleta maneno ya Sidonie bila kuyapunguza: “Mutu mwenye anachoka kwa mia, mimi atanichoka siku gani?”

Yameniuma. Nampenda kweli, si mchezo. Ugali umepoa mbele yangu. Lakini amesema pia kwamba nikileta namba nyingine kabla ya misa ya Jumapili, ataipima. Halafu nasikia tairi la André limepasuka. Mungu yupo.

Jumapili 16 Mei

Nimeshinda! Dawa ilikuwa palepale: na mimi nimeweka nyongeza. 1,000,002. Mbili, tatu na wenzao mpaka mia sikuwarudia. Walishashindwa Jumanne, niwachoshe kwa nini? Nimeanza moja kwa moja na yule adui, mia na moja. Ikabaki moja! Mia na mbili, chali. Mia na tatu, chali.

Shangazi ameondoka na namba na bata. Nimemwagiza atamke wazi, mbele ya Mzee, mbele ya Sidonie, na André akiwepo asikie vizuri: pendo hili hata kwa mbili haligawanyiki.