Safari Kumi, Mihuri Miwili

Jumamosi, 2 Agosti

Kesho tunaanza. Mlima mmoja, kuupanda mara kumi, siku tano. Kila ukifika kileleni unagongewa muhuri kwenye kadi. Mihuri kumi kabla ya Alhamisi saa kumi na mbili jioni, umemaliza. Ikipungua mmoja, umepunga upepo tu.

Nimejiandikisha kwa sababu ya mke wangu. Alisema mbele ya ndugu zake kwamba katika miaka kumi na moja ya ndoa hajaniona nikimaliza kitu. Akataja kabati la jikoni lisilo na milango. Akataja ukuta wa uani. Angeendelea, nikakohoa. Kisha akatoa sharti. Nikiumaliza mlima, chumba cha mbele kinachotazama barabara, alichoachiwa na mama yake, ni changu, nihamishie kazi yangu ya kufuli. Miaka sita nachonga funguo chini ya mwavuli nyuma ya posta, mvua ikinyesha nafunga. Nisipomaliza, chumba anapewa kaka yake.

Kaka yake ni tabibu wa meno. Naye kajiandikisha! Nikamuuliza kwa nini. Akasema, shemeji, mimi napenda tu kupanda milima. Akatabasamu. Simwamini mtu mwenye meno mengi kiasi kile.

Jumapili, 3 Agosti

Nimepanda mara mbili. Mihuri miwili! Anayegonga ni mwalimu mstaafu, mama mwenye kofia pana na meza ya kukunja. Kanipongeza. Magoti yanawaka moto, lakini moyo umetulia.

Ulikuwa umetulia. Shemeji kamaliza zake mbili kabla yangu, na shati lake kavu. Kavu kabisa! Langu ungelikamua ungejaza ndoo. Hapa kuna namna. Nyuma ya mlima ipo barabara ya kwenda mnara wa simu, na pikipiki hupita. Simsingizii mtu. Nasema tu kwamba pikipiki hupita.

Jumatatu, 4 Agosti

Mpango: kumfuata kwa kunyata. Akiigusa ile barabara nimemnasa, anafutwa, na chumba hana tena haki ya kukidai. Koti la kijani. Majani nimeyachomeka kwenye kofia.

Kapanda kwa miguu. Mara zote mbili. Atakuwa kahisi kuna mtu anamchunguza. Kileleni nilijibanza nyuma ya jiwe, hatua ishirini kutoka mezani. Nilitaka kutoka nigongewe muhuri wangu, lakini shemeji alikuwa pale pale, anabadilisha shati. Kumbe anatembea na mashati! Mtu asiye na lake jambo anabeba mashati ya nini? Ningetoka angeniona. Na alipoanza kushuka ilibidi nimwandame papo hapo, asije akanipotea penye njia panda ya mnara. Mihuri nitaipata baadaye, mlima hauhami.

Jiwe lina siafu.

Jumanne, 5 Agosti

Mara mbili tena juu, mara mbili chini. Barabara hajaigusa. Ana subira ya ajabu yule. Leo kaacha chupa ya maji juu ya gogo, imejaa, na ndizi mbili pembeni, akaenda zake bila kugeuka. Mtego. Nimepita nikitazama upande mwingine. Safari ya pili kaacha tena. Ulimi ulikuwa umeshaganda mdomoni, nikanywa, ila kwa tahadhari. Yalikuwa na ladha ya maji. Wanaojua kazi yao hawaachi dalili.

Mke wangu kanikanda miguu kwa maji ya moto. Akauliza nimefikia wapi. Nikamwambia mambo yanakwenda. Alifurahi hadi nikaona haya kidogo.

Jumatano, 6 Agosti

Nimeteleza kwenye kokoto, nikaserereka kwa makalio hadi kwenye kichaka cha miiba. Sikupiga kelele. Nilitoa "aah" moja tu, kwa sauti ya ndege. Mbele, shemeji akasimama. Akainama kufunga kamba za viatu. Dakika nane! Kamba gani hizo? Akangoja mpaka nikajichomoa na kusimama, ndipo akaendelea. Sasa nina hakika kuna kitu anaficha.

Mwalimu naye simwelewi. Shemeji kamnong'oneza, wote wawili wakatazama jiwe langu, mwalimu akacheka mpaka akajifuta machozi. Wamo pamoja.

Alhamisi, 7 Agosti

Shemeji kamaliza ya kumi saa kumi. Zote kwa miguu. Mimi mihuri miwili, na muda ulitosha safari moja wakati zilihitajika nane. Nikakaa chini ya mlima nimejiinamia. Mke wangu akaja mbio mbio na kandambili zangu mkononi, amevaa gauni lake zuri. Alikuja kuniona nikimaliza. Moyo uliniuma, humu sidanganyi.

Saa kumi na mbili mwalimu akashuka na meza yake. Akasoma kadi yangu kwa sauti. Miwili. Mke wangu akaziweka kandambili chini. Ndipo shemeji akasogea.

"Mwalimu, huyu mgongee minane yake. Tangu Jumatatu kila safari alikuwa nyuma yangu. Tumepanda sawa."

Mwalimu akasema hata yeye kaiona kofia ya majani mara nane, kaihesabu. Alichotaka ni niseme mwenyewe, mbele ya watu, kwamba nilipanda. Muhuri alishaulowesha wino.

Nikapiga hesabu haraka. Mtu anayekitaka chumba atanisaidiaje nikipate? Haiingii akilini. Alitaka nikiri hadharani kwamba nilijificha vichakani nikimchunguza shemeji yangu, watu wanicheke, halafu nifutwe kabisa. Mimi? Thubutu.

Nikasema tangu Jumatatu nilikuwa nyumbani nimelala.

Shemeji akaniomba taratibu nifikiri tena. Ndivyo wanavyokubembeleza.

"Nimekukanda miguu siku tatu," mke wangu akasema. "Jana nimekuchomoa miiba kwa sindano. Sema ndiyo, mume wangu. Neno moja tu."

Machozi yalikuwa yanamlengalenga. Hata yeye wameshamtia mkononi. Nikasema miiba niliipata kitandani.

Akafungua mkoba, akatoa ufunguo wa chumba cha mbele, akampa kaka yake. Hakunitazama tena mpaka tukafika nyumbani.

Jumatatu, 18 Agosti

Shemeji kahamia. Kaweka kiti cha wagonjwa, taa, pazia jeupe. Akaniambia nichukue upande wa mlangoni nichongee funguo zangu, tugawane chumba, bure. Bure! Nikakataa, nikauleta mwavuli wangu ng'ambo ya barabara, mkabala na mlango wake.

Nahesabu. Tangu asubuhi wameingia tisa, wametoka wanane. Nimewarudisha wateja watatu wa funguo ili hesabu isinipotee. Mchana mke wangu kaniletea chai, siku ya kwanza ananisemesha tangu Alhamisi ile. Nikamwonyesha daftari. Akalisoma, akavuta pumzi, akaniambia kwamba huyo mmoja ambaye hajatoka ni kaka yake mwenyewe, aliyeingia kufungua asubuhi.

Hivyo ndivyo wanavyotaka niamini.