Kofia ya Maisara Si Maziwa

Mji wa Kale, Mombasa
Jumatano, baada ya adhuhuri

Kwa Mwalimu Wanza, mwenye darasa la picha za vitu vidogo, juu ya duka la vitambaa, Makadara.

Mwalimu wangu mheshimiwa,

Shikamoo yangu nakudai, lakini leo nakusamehe. Anayekuandikia ni mpiga picha wa vitu vidogo mwenye uzoefu wa miaka arobaini. Hiyo miaka nimeivuta kidogo. Ni wiki tano, na ile ya kwanza nilikibana kile kioo cha kukuza kwenye kamera ya mbele ya simu, nikapiga pua yangu mara sitini.

Nalalamika kuhusu picha ya kofia uliyonirudishia Jumamosi mbele ya watu. Kofia hiyo mke wangu Maisara ameitarizi kwa mkono miezi minane, vitobo vyake vidogo hata punje ya mchele haipiti. Nimeahidi mbele ya dada zake watatu kwamba Jumamosi hii, siku ya maonyesho ya darasa, kazi yake itakuwa ukutani. Tangu uikatae picha, nanywa kahawa bila mahamri. Ukiikataa tena, sijui nitanyimwa nini.

Malalamiko ni haya:

1. Ulisema nimezidisha mwanga mpaka weupe umeungua na nyuzi zimepotea. Niko barazani kwangu saa hii, simu mkononi, na naona weupe wa kadiri, kama wali wa nazi. Nyuzi naziona. Zile nisizoziona nazijua zilipo.

2. Ulinionyesha kwenye kompyuta ule mchoro wa kupimia mwanga, ulio kama mlima, ukasema mlima wangu umegonga ukuta wa kulia, eti ni dalili ya mwanga kupita kiasi. Mwanangu, mimi mtu wa kisiwani. Milima iko kwenu Ukambani. Ungeniambia ndoo imejaa inamwagika, ningeleta tambara.

3. Ulisema kamera hukifanya kitu cheupe kiwe kijivu, kwa hivyo mwanga uongezwe kidogo tu, kisha zile sehemu nyeupe kabisa zishushwe mpaka vivuli vya uzi vitokeze. Maisara ameifua kofia ile mara tatu kwa buluu ya kung'arishia nguo! Nikamwambie mwalimu ameagiza weupe wake ushushwe? Wewe utakuwa Makadara umetulia, mimi ndiye nitakayekuwa naye chumbani.

4. Abdulbasit, yule fundi cherehani mstaafu anayekaa kiti cha mbele, alisema, "Yakhe Aidarus, maziwa umeleta, chai i wapi?" Darasa lote likacheka. Nawe ulicheka, ukajificha nyuma ya kompyuta, mabega nikayaona. Nzi aliyempiga picha yeye, umemtundika karibu na dirisha. Nzi! Na kofia ya mke wa mtu imerudishwa nyumbani.

5. Nimelifikiri jambo hili kwa vikombe vitatu. Picha kwangu ni nzuri, kwako ni mbaya, na picha ni ileile. Basi kompyuta yako ni mgonjwa. Kama si kompyuta, ni macho yako. Na kwa kuwa nyote kumi na wawili mliona maziwa, darasa zima lipelekwe kwa daktari wa macho, Abdulbasit awe wa kwanza, atiwe ile dawa inayowasha.

Kwa heshima zote, naomba picha itundikwe kama ilivyo. Madirisha yazibwe kwa mablanketi, na kila mgeni apewe miwani ya jua mlangoni. Wakigongana vichwa, waambiwe ndiyo sanaa. Nzi ahamishiwe karibu na choo, atafurahi mwenyewe.

Nisalimie darasa zima, na muuza vitambaa wa chini, na yule paka wa ngazini asiyepisha mtu. Mama yako naye mpe salamu, mwambie amezaa mwalimu hodari, ila macho.

Ni mimi mwanafunzi wako, mtiifu nikipenda,
Aidarus

Nyongeza: Nilikuwa nalamba bahasha, Maisara akatoka kuchukua kikombe. Akaitazama simu, akaniuliza mbona nimeitia kaburini. Akateremsha kidole, kioo kikawaka kama nyumba ya harusi. Kumbe nilikififiza mpaka mwisho tangu Ramadhani, ili chaji ifike magharibi, nikasahau. Kila picha naiona giza, naitia mwanga, naitia tena. Basi akaiona kofia yake. "Vitobo vyangu umevila?"

Nimeanza upya mbele yake. Mwanga kidogo tu, weupe nikaushusha, mlima ukaacha ukuta. Vitobo vikatoka kimoja kimoja, hata kile kilichopinda, alichokishona siku niliyomuudhi. Akakitazama sana, akacheka, akaingia jikoni. Ule unga wa mahamri uliofunikwa tangu asubuhi kwa ajili ya dada zake, sasa nasikia mafuta yanaulilia.

Malalamiko yote nayafuta, isipokuwa la nzi. Barua naituma hivyo hivyo pamoja na picha mpya, maana mkono umechoka kuandika nyingine. Ila unakumbuka ulipompiga picha vunjajungu, nikakushikia taa saa nzima mpaka mkono ukafa ganzi, ukasema fadhila hiyo utanilipa? Nilipe sasa: barua hii isome peke yako, Abdulbasit asiione.